Gari la kifahari lililotumika, lenye cheti: mimi nililipeleka feri maji yakiwa makavu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Wiki iliyopita ndugu mmoja aliuliza kama gari la kifahari lililokwisha tumika, lile linalouzwa na cheti cha ukaguzi na waranti, linastahili ile bei ya juu. Nilisoma majibu yote. Wengi mlijibu kwa kusikia, na mimi sikusikia, yalinikuta. Nitaandika kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi. Ni marefu kidogo, mnivumilie.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, Ukunda.

Kwetu ni Shimba Hills, kwenye zile ploti za settlement zilizogawiwa na serikali. Sisi ni Wakamba tuliozaliwa huko. Baba alifariki nikiwa Form One, mama akafuata mwaka wa pili. Mimi ndiye wa kwanza, nyuma yangu kuna Mwende, na wa mwisho ni Kyalo.

Niliacha shule Form Two. Hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi moja sikwenda, ya pili sikwenda, basi ikawa hivyo.

Baba alituachia station wagon ya Kifaransa, ile iliyoinuka, yenye viti safu tatu. Nilijifunza kuendesha kwa sababu kila dereva niliyemwajiri alirudisha gari tangi likiwa tupu na hadithi ikiwa ndefu. Kwa hiyo nikawa dereva mwenyewe. Askari wa mageti ya hoteli za Diani walizoea kuniuliza, "Dada, dereva yuko wapi?" Nami nikawaonyesha mikono yangu kwenye usukani.

Gari hilo, kwa kubeba abiria na mizigo, hata samaki, ndilo lililotulisha miaka saba, na ndilo lililomlipia Mwende bweni, shule moja upande wa Msambweni. Wakati ninaousimulia alikuwa Form Three.

Sasa, kulikuwa na hoteli moja kubwa pale Diani. Wageni walikuwa wameanza kurudi kidogo kidogo baada ya zile vurugu za mwaka wa uchaguzi, na hoteli ikataka mtu wa kudumu wa kuwachukua uwanja wa ndege Mombasa na kuwarudisha. Msimamizi wa usafiri alinipenda kwa sababu sikuwahi kuchelewa. Akaniita pembeni.

"Mumbua, kazi nakupa. Lakini si kwa hilo gari. Mgeni ametoka Ulaya usiku kucha, hawezi kupakiwa na harufu ya samaki. Nitafutie gari la hadhi. Nakungoja mpaka Jumatatu ya wiki ya pili."

Ndivyo nilivyofika kwenye showroom moja Mombasa.

Gari lenyewe lilikuwa Mjerumani. Jeusi, viti vya ngozi, limetumiwa na ofisi fulani miaka minne tu. Na lilikuwa na cheti. Karatasi mbili nzito, vipengele vyote vimetiwa alama: injini, gia, breki, taa, chasisi, hata kiyoyozi. Chini muhuri, na waranti ya mwaka mzima.

Wakuu, mtu aliyeacha shule Form Two anaheshimu sana karatasi yenye muhuri. Nasema kweli. Nilikisoma kile cheti mara tatu, nikajiona mimi ndiye ninayekaguliwa na nimepita.

Muuzaji aliitwa Yasini. Mtu wa makamo, mpole, shati jeupe lililopigwa pasi. Hakunisukuma. Alisema ukweli tu kwamba la kawaida la mtu binafsi ningelipata kwa bei nafuu, ila hapo nanunua na utulivu wa moyo.

Masharti ni haya: wangechukua station wagon ya baba, halafu niongeze. Na hiyo nyongeza ilikuwa ndiyo karo ya Mwende mpaka Form Four. Sikuwa na nyingine popote.

Alhamisi Yasini alinipa nilijaribu, yeye kando yangu. Tukavuka feri, tukaenda hadi Diani na kurudi. Nilipopita hotelini msimamizi alitoka nje akazunguka gari lote, akasema, "Hili sasa ndilo gari." Kiyoyozi kilinipuliza mpaka nikasikia baridi. Nilirudi Ukunda nikiwa nimekwisha amua.

Kosa langu lilikuwa kumwandikia Mwende barua usiku ule ule, nikaituma na dereva wa matatu. Nilimweleza kwamba huenda karo ikachelewa, asiwe na wasiwasi, kazi ya hoteli ikianza tutalipa.

Jumamosi akatokea mlangoni na sanduku lake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna nini, umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Nimewaaga." Akaketi juu ya sanduku. "Nimepata kazi ya kufua mashuka kwenye kotegi za watalii Diani, dada yake rafiki yangu yuko pale. Wewe nunua gari. Nitarudi shule baadaye."

"Baadaye lini?"

"Si hata wewe uliacha. Na tunakula."

Nilimpa chakula. Usingizi sikuupata vizuri, lakini naungama kwamba upande mmoja wa moyo wangu ulifurahi. Ulisema, basi inawezekana.

Jumapili nikampelekea fundi Mwakombo station wagon aiangalie kabla sijaiachia. Huyu ni Mdigo, fundi wa baba tangu zamani, gereji yake iko nyuma ya soko. Nilimwonyesha nakala ya cheti kwa fahari. Akafuta mikono, akakisoma pole pole.

"Kizuri," akasema. "Aliyekiandika anajua kazi. Ulivuka nalo feri lini?"

"Alhamisi."

"Mwanangu, Alhamisi ilikuwa maji mafu. Bahari haikupanda wala haikushuka sana, ngazi ya feri, ule mteremko wa kuingilia, imelala kama kitanda. Hata mkokoteni ungepita. Na mlikuwa wangapi ndani?"

"Wawili."

"Wageni wako watakuja wawili bila mizigo, maji yakiwa mafu?"

Mimi ni mtu wa Shimba Hills, wakuu. Nimevuka feri ile mara zisizohesabika, lakini gari la baba lilikuwa limeinuka, sikuwahi kuyatazama maji. Nilitazama foleni tu.

"Ngoja bamvua," akasema. "Alhamisi hii mwezi umejaa. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekauka kabisa, na saa nne ndiyo saa ya wageni wa ndege. Lipakie kama siku ya kazi. Likipita, nunua, hata harusi yangu nyingine utanibebea."

Nilimpigia Yasini kutoka kibanda cha simu. Nilidhani angekataa. Akauliza tu, "Na nani atakuwa mgeni?"

Alhamisi tukakutana upande wa mjini. Mimi kwenye usukani, Yasini kando yangu, nyuma Mwende na fundi. Kwenye buti tuliweka madumu sita ya maji badala ya masanduku ya wageni.

"Leo mimi ni mzungu," Yasini akasema akifunga mkanda.

"Mzungu wa mtaa wa Majengo," fundi akamjibu. "Usimlipe bakshishi dereva kabla hatujafika."

Tulicheka, hata Mwende. Halafu foleni ikasogea nikaona maji. Yalikuwa chini sana, mawe ya kijani yako nje, na ile ngazi imeteremka kama mtu anayekwenda kisimani.

Nilishuka taratibu. Magurudumu ya mbele yakapanda mlango wa feri vizuri. Nikapumua. Kisha ukasikika mkwaruzo chini ya miguu yetu, mrefu, na gari likasimama. Tumbo lilikuwa limekaa juu ya ukingo, mbele ndani ya feri, nyuma bado ngazini. Nikikanyaga mafuta, linalia tu.

Nyuma yangu kuna lori, na kando watu mamia wanashuka kwa miguu. Mnajua watu wa feri.

"Mama, washushe wageni wako waogelee."

"Gari zuri hilo, lakini limechoka kutembea."

Mfanyakazi wa feri akaja akainama, akatikisa kichwa. "Hili ni gari la Nyali, dada, kule kwenye daraja. Nani amewadanganya mlilete huku?"

Tukashuka wote. Madumu yakatolewa moja moja mbele ya macho ya watu. Yasini, na shati lake jeupe, akabeba mawili. Gari lilipokuwa tupu vijana wakalisukuma, likaingia.

Ndani ya feri Yasini alipiga magoti akachungulia chini. Bomba la moshi limepinda, sampu, lile bakuli la oili, imechubuka lakini haivuji. Akasimama akipangusa magoti.

"Hili nitalieleza mimi ofisini," akasema. "Nilikubali mwenyewe kuja."

Nikamuuliza kama linaweza kuinuliwa.

"Linaweza. Springi ndefu, vipande vya raba juu yake. Kazi ya siku moja." Yasini akatoa cheti kwenye bahasha, akanionyesha mstari mmoja mdogo ukurasa wa pili. "Lakini ukibadilisha chochote huku chini, waranti imekwisha. Siku utakayoliwezesha kuvuka, ndiyo siku cheti kinakufa. Ni haki ulijue kabla hujatia sahihi."

Hapo ndipo kisa chote kilipo, ndugu uliyeuliza. Ile bei ya juu ilikuwa bei ya cheti. Na mimi nisingeweza kulitumia lile gari bila kukiua.

Lakini nisidanganye, si hilo lililonifanya niamue. Akili yangu ilikuwa bado inatafuta njia. Ndipo Mwende akasema, sauti ya kawaida kabisa:

"Si shida, dada. Wageni tutakuwa tunawashusha hapa. Wanavuka kwa miguu, tunawapakia ng'ambo. Mimi nikitoka kufua nitakuja kukusaidia mizigo."

Alikuwa ameshika dumu la maji kila mkono. Kiganja kimoja kilikuwa kimeanza kuwa chekundu kwa ule mpini. Na alikuwa amekwisha panga yote, kila siku, kila ndege, kila bamvua, kwa miaka. Nilimtazama nikaona kwamba analitetea lile gari kuliko mimi, kwa sababu yeye amekwisha lilipa.

Nikamwambia Yasini, "Ahsante sana, kaka yangu. Sitalichukua."

"Umefikiri vizuri?" akauliza. Hakuwa na hasira. Nadhani alitaka tu niwe na uhakika.

"Nimefikiri."

Jumatatu nilimwambia msimamizi wa hoteli kwamba gari sina. Alisikitika, kazi akaipa kampuni moja ya mjini. Iliniuma. Miezi iliyofuata nilibeba walimu, wauguzi wa Msambweni, magunia ya machungwa kutoka nyumbani, na ndiyo, samaki. Kuna wiki tulikula ugali na mchicha kila siku. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilikataa gari kisha mambo yakanyooka.

Na lile gari halikuwa bovu, tuliseme. Daktari mmoja wa Nyali alilinunua. Niliwahi kuliona baada ya miaka mingi, bado jeusi linang'aa, linakwenda kama maji. Cheti hakikudanganya. Kilijibu maswali ya aliyekiandika, na huyo hakuwa anavuka feri na wageni wanne saa nne ya bamvua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Gari lenye cheti linaweza kustahili bei yake. Ila kabla hujatia sahihi lipeleke kwenye njia yako mbaya zaidi, siku yake mbaya zaidi, likiwa na mzigo wako wote. Soma ule mstari mdogo wa yale yanayoua waranti, uone kama umo ndani yake. Halafu angalia hiyo nyongeza inatoka kwa nani nyumbani, maana mara nyingi huyo mtu hatasema.

Nimalizie la Mwende.

Jumatatu hiyo hiyo, nikitoka hotelini, nilimrudisha shule. Njia nzima hakunisemesha. Alikuwa amekasirika kweli, na nilimwelewa, kwa sababu alikuja kutoa kitu kikubwa na mimi nikamrudishia mkononi. Tulipofika getini hakushuka. Alikaa na sanduku mapajani, anatazama mbele.

"Kwa hiyo ni wewe peke yako unayeruhusiwa kuacha shule?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nafasi ilikuwa moja, na nilikwisha ichukua. Shuka."

Akashuka. Muhula mzima hakuniandikia barua. Form Four aliimaliza, na yaliyofuata ni yake kuyasimulia akitaka.

Wenye magari ya namna hii karibuni mtuambie: waranti iliwahi kuwafaa kweli, au iliishia kwenye bahasha? Na nyinyi wa kwanza kuzaliwa, mdogo wenu alipotaka kuchukua mzigo wenu, mlimwambia nini? Nitasoma yote.