Mahindi ya Ghala la Stesheni

Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yaliyovunda, huinuka nikatoka nje kwa hasira. Wajukuu wangu huona ni mambo ya uzee. Hawajui.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la mahindi karibu na stesheni ya Mpanda. Mwenye ghala alikuwa akiuza posho kwa vibarua, na alitupa chumba kimoja nyuma ya ghala lenyewe. Ukuta mmoja ulikuwa wetu sote: upande huu kitanda chetu, upande ule magunia. Bati lilivuja palepale juu ya ukuta, na mvua zilipoanza, ukungu ulipanda kutoka chini, mweusi na kijani, ukafika nilipoweza kuugusa nikiwa nimesimama. Mama alikuwa akiusugua kwa majivu. Baada ya siku tatu umerudi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mdogo wangu wa kike alikuwa na sita, na kifua chake kilianza kupiga mluzi mwaka uleule tulipohamia pale. Shangazi yetu, dada yake baba, alipokuja kututembelea alimsikiliza kidogo, akamgeukia mama.

"Kwetu hakuna ugonjwa huu. Umeuleta wewe."

Mama aliendelea kumpapasa mtoto mgongo. Nilitamani ajibu.

Siku moja mwenye ghala aligundua kwamba magunia ya chini yameloa na kuota ukungu. Hakuyatupa. Aliagiza yamwagwe kwenye mikeka uani, yapigwe kwa fimbo mpaka vumbi litoke, kisha yachanganywe na mazuri. Akataka na watoto wa mlinzi wasaidie.

Mama alisema, "Huyu mdogo haendi. Si unasikia anavyopumua?"

"Wasipokwenda, mwenye ghala ataniuliza," baba alisema. "Nitajibu nini?"

Tukaenda. Vumbi lilipanda kama moshi, la kijivu, lenye uchungu kooni. Mdogo wangu alipiga fimbo mara chache tu, akaiacha, akakaa chini na kushika magoti. Mabega yalikuwa yakipanda na kushuka. Ngozi katikati ya mbavu ilikuwa ikizama ndani kila alipovuta hewa, na midomo ikageuka rangi ya zambarau. Aliniangalia. Hakuweza hata kusema jina langu.

Mama alimbeba akiwa amemsimamisha begani, maana akimlaza alizidi kukosa pumzi, akakimbia naye mpaka zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, alimchoma sindano. Tulisubiri. Polepole ule mluzi ulipungua. Yule dresa akainama, akanusa gauni la mdogo wangu.

"Mama, huyu mnamlaza wapi?"

Mama akamweleza.

"Hii ni pumu. Si kifaduro, wala hajalogwa na mtu. Mtoeni pale. Nasema mtoeni, nyie wazazi, msingoje mvua ziishe."

Baba alikwenda kwa mwenye ghala kuomba chumba kingine. Alirudi upesi.

"Ameniuliza kama nataka chumba au nataka kazi," alisema. "Tusogeze kitanda huku mlangoni."

Kesho yake mama alifunga nguo zetu kwenye kanga, tukapanda lori mpaka Kasansa, kwa bibi mzaa mama. Huko mdogo wangu alilala chali. Nakumbuka hilo kuliko kitu chochote, kwa sababu tangu tuhamie ghalani sikuwa nimemwona akilala chali. Alikimbia na mbuzi, akaimba kanisani kwa sauti ya juu mpaka bibi akamfinya.

Miezi miwili ikapita. Baba akaja kutuchukua, akiwa na shangazi na wazee wawili wa ukoo wake.

"Ukuta umetengenezwa," baba alisema.

"Umebomolewa?" mama aliuliza.

"Umepakwa chokaa."

Wazee walisema mke hukaa kwa mumewe. Shangazi alisema mengi zaidi. Hakuna hata mmoja aliyemwita mtoto akamsikiliza kifua. Bibi alilia; mama alifunga kanga ileile.

Chokaa ilikuwa nyeupe kweli. Wiki ya tatu ilianza kubanduka, na ukungu ulikuwa chini yake, umestarehe. Asubuhi moja, wakati nikiosha vyombo nje, mdogo wangu alishikwa tena. Mama alikimbia njia ileile. Yule dresa alitoka mbio kumpokea, na sindano akampiga, mbili. Hazikusaidia. Alikuwa ameshachoka kupumua.

Siku ya pili ya msiba mwenye ghala alileta gunia la mahindi kama rambirambi. Watu wakashukuru. Mama alinyanyuka mkekani, akafungua mdomo wa gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na kuunusa. Kisha akaliburuta gunia peke yake. Wanawake walijaribu kumzuia, akawasukuma. Alifika mbele ya mlango wa ghala, akalipindua, mahindi yakamwagika juu ya viatu vya mwenye ghala aliyekuwa amesimama pale.

"Kula wewe," alisema. "Wape na wanao."

Yule bwana alijipangusa, akawaambia waliosimama kwamba mwanamke huyu amechanganyikiwa, asamehewe, akaingia ndani.

Baba akaleta ufagio. Sijui ni nani aliyemwagiza, nadhani hakuna. Aliinama akaanza kufagia yale mahindi na kuyarudisha kwenye gunia, mbele ya waombolezaji wote. Nilikwenda nikasimama katikati ya mahindi.

"Sogea, mwanangu," alisema, bila kuniangalia.

Sikusogea. Alifagia kunizunguka.

Aliendelea kulinda ghala lile miaka mingine mingi, na mimi na mama tulirudi Kasansa. Alipokufa nilimzika kama inavyompasa mtoto. Kumsamehe nimejaribu, na padri ameniuliza zaidi ya mara moja. Namjibu ukweli: bado.