Muuza Asali Aliyeogopa Kuonja

Hebu mwone mama muuza asali wa Itigi, ameketi mbele ya muuguzi kwenye zahanati, kiganja kimeziba mdomo. Mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma yake, na kikohozi changu.

"Shikamoo, mama. Habari za nyumbani?" muuguzi alimsalimu.

"Marahaba. Nzuri tu, mwanangu. Ila vidonda mdomoni haviishi. Mteja hanunui asali mpaka muuzaji aonje kwanza. Nikionja inachoma, nakunja uso. Wananicheka: 'Hata mwenyewe anaiogopa!'"

Muuguzi alimmulika mdomoni, akaweka tochi chini. "Unalala?"

"Nalala kama abiria wa treni, jicho moja kwenye mzigo. Nyuki wamehama mizinga yote. Ndoo niliyo nayo ndiyo ya mwisho."

"Na nyumbani ni kuzuri?"

Mama alicheka, akashika shavu kwa maumivu.

Muuguzi alimpa dawa ya kusukutua, kisha akaeleza polepole. Utando laini wa mdomo na utumbo una walinzi wa mwili, na neva huwapelekea ujumbe kwa kemikali. Wasiwasi ukidumu, ujumbe huweza kuvurugika, walinzi wakashambulia nyumba yao wenyewe. "Huenda si sababu pekee, mama. Visipopona kwa wiki mbili, rudi tupime."

"Basi niulize tena."

"Habari za nyumbani?"

"Mbaya, mwanangu," alisema, na kiganja kikashuka.

Tumelelewa kujibu "nzuri" hata upepo ukiwa umeezua paa. Njiani ni adabu njema. Naomba ukumbuke jambo moja tu: mbele ya muuguzi, toa habari zenyewe.