Siku Tulipopiga Hodi Annapolis

Enzi zetu, sisi watoto wa magorofani kule West End, Alexandria ya Marekani, kutalii hakukuwa jambo la kubonyeza simu na kuondoka. Kutalii kulikuwa kama harusi! Mama aliamka alfajiri kupika pilau, akafunika sufuria kwa blanketi isije ikapoa, na chupa ya chai ikasafiri katikati ya miguu yangu kama abiria aliyelipa nauli. Nguo ni za kanisani. Kaka yangu Elisha alifungwa tai ya kumkaba, mimi viatu vyeupe vya kubana, maana picha zote zilikwenda kwa Bibi Dodoma, na Bibi akiona mtoto kavaa kaptura, anapiga simu kuuliza kama Baba amefukuzwa kazi.

Watoto wa siku hizi wanatalii na suruali zilizochanika magotini. Wanapiga picha kikombe cha kahawa, mji wenyewe wameupa mgongo.

Siku ninayoikumbuka tulikwenda Annapolis, mji wa zamani wa bandari, kwa teksi ya Baba. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kupanda ile boti nyeupe inayozungusha watu bandarini. Sisi ni watu wa Dodoma jamani, maji mengi niliyoyajua ni ya pipa. Wiki nzima nilikuwa nayumbayumba kwenye kiti shuleni, najizoesha mawimbi. Baba akaahidi, "Ile ya mwisho, ya saa kumi, tutapanda."

Tukafika mapema, muujiza huo. Lakini Mama alikuwa amesikia kazini, kule alikotunza wazee, kwamba Annapolis kuna nyumba za kale zinazofunguliwa wageni waone watu wa zamani walivyoishi. "Tuone moja tu, halafu boti," akasema. Tukashika mtaa wa matofali, nyumba zimebanana bega kwa bega, kila moja na kibao chake ukutani. Moja mlango wake ulikuwa wazi. Mama akasimama kizingitini.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani. Kwetu ukiitikiwa, umekaribishwa. Tukaingia.

Baba alitangulia, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. "Oneni kiti hiki. Watu wa kale walikuwa na makalio madogo."

"Baba Elisha! Watoto!"

"Nasema historia, mke wangu." Akanusa. "Wameweka mpaka harufu ya vitunguu! Wamarekani kwa maonyesho, hawana mpinzani."

Akatokea bibi wa Kizungu, aproni kiunoni, mwiko mkononi. Baba akampigia makofi. "Na huyu wamemvalisha sawasawa!"

Hapo Elisha, aliyekuwa ameinama mezani, akasema polepole, "Baba, gazeti hili ni la leo."

Makofi ya Baba yaliganda hewani. Mama akakalia kilekile kiti cha makalio madogo, akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho. Yule bibi akatuangalia, tai kwa tai, kiatu kwa kiatu, akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza harusi iko wapi.

Mimi nikafurahi: sasa tunaondoka, boti inatusubiri. Wapi! "Hatuingii nyumba ya mtu mikono mitupu," Mama akasema, na Elisha akatumwa mbio kuleta sufuria kutoka garini. Bibi wa watu alikuwa anaishi peke yake. Alikula sahani ya kwanza, akaongezwa, akaomba tena.

"Mama, boti," nikanong'ona.

"Boti haina roho, mwanangu. Mtu ana roho."

Basi, honi ya boti ikalia bandarini. Nikaangua kilio, kile cha kwikwi na makamasi. Bibi akauliza kulikoni, Baba akamweleza. Akanishika mkono, akanipandisha ngazi hadi chumbani kwake, wote wakafuata, tukabanana kwenye dirisha linalotazama maji. Boti ikapita pale chini, imejaa watalii. Bibi akapunga kitambaa cha jikoni. Tukapunga. Weee! Kamera zote zikageuka kwetu. Walidhani sisi ndio wenyeji, na suti zetu, na nyumba yetu ya kale! Baba akaacha kupunga, akainua kidevu kama gavana. Nikacheka na makamasi yangu. Hadi leo, kwenye picha za watu nisiowajua, sisi ni watu wa Annapolis.

Juzi nilimpeleka Imani, mdogo wetu aliyezaliwa hukuhuku. Tiketi simuni, ramani simuni, chakula simuni. Nikaipanda ile boti hatimaye, na sitaki kusema uongo, ni tamu. Nilipiga kelele mpaka nahodha akageuka. Ila abiria walikuwa wameinamia viganja vyao, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Enzi zetu tungekuwa tumeshajua nani ana watoto wangapi.

Tukapita chini ya lile dirisha. Pazia lilikuwa geni, limefungwa. Nikapunga.

Imani akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha puani, nampungia nani.

"Wenyeji," nikamjibu.

Akainua macho, akatafuta, hakuona mtu. Akaitia simu mfukoni, naye akapunga.