Mpira wa Msabah na Mdomo wa Bi Sichana

Waliougawa mpira vipande vipande wakaviuza kila kimoja mahali pake, Mungu anawaona. Ligi ya hapa nyumbani iko kwenye programu hii ya simu, kombe la Afrika liko kwenye ile, na Ulaya nako kuna kwake. Zamani mtu alichomeka TV yake akatazama. Siku hizi ukitaka kuifuata timu yako katika mashindano yote huna budi kuishi kama mume wa wake watatu, na kila mmoja anataka matumizi yake mwanzo wa mwezi, na ukichelewa siku moja anakufungia mlango.

Mimi mambo haya nayajua kwa sababu ya Msabah. Nina duka la sukari, mkate na sabuni huku Malindi ya visiwani, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wanene hawapishani bila ya mmoja kuomba radhi. Msabah anakaa ghorofa ya pili, juu ya duka langu, pamoja na mkewe Nassra. Ni fundi makochi, karakana yake iko Mlandege, na kwa kazi ni mtu mtaratibu sana: atashona mshono mmoja asubuhi nzima. Lakini mtoe kazini, mtajie timu yetu, utadhani umemkanyaga. Jina la timu silitaji. Nusu ya wateja wangu ni wa watani wetu, na mimi nataka kuuza mkate.

Msabah hakupenda kutazama mpira kwenye simu. Alitaka dishi. Mwenye nyumba akakataa ukuta wake usitobolewe, na hata angekubali, nyumba ya mbele imeziba mbingu yote upande ule ambao dishi hutakiwa kuelekea. Kwenda kutazama kwenye mabanda alikwisha kuapa kwamba hendi tena, tangu siku aliyokaliwa kichwani na mtu aliyekuwa akishangilia penalti. Basi akabaki na mtandao.

Na mtandao katika nyumba zetu za mawe nao una ukaidi wake. Kuta nene, ukiingia ndani hatua tatu simu inakufa. Pahala pamoja tu nyumbani kwa Msabah ndipo mtandao unapokaa, napo ni dirishani, upande wa kichochoroni. Akaisogeza TV dirishani, simu akaitia juu ya kizingiti, kochi akaligeuza lielekee huko. Tangu hapo wageni wa Nassra wakiingia husalimiana kwanza na kisogo cha mumewe.

Dirisha hilo linatazamana na dirisha la Bi Sichana.

Bi Sichana alikuwa mama yake Simai, mwenye nyumba ile ya mbele. Kwa asili ni mtu wa Tumbatu, aliolewa mjini na mchukuzi wa bandarini aliyekuwa kichaa wa mpira, na mume alipofariki ule wazimu akaurithi yeye. Miguu ilikwisha kumgomea, kwa hiyo siku nzima alikuwa dirishani. Akitaka kitu dukani kwangu alikuwa akikiteremsha kikapu kwa kamba na kuniita kwa sauti ambayo manahodha wangeitamani. Na juu ya dari ya Simai lilikuwepo dishi kubwa lisilozibwa na kitu.

Sasa elewa balaa lenyewe. Mpira wa dishi unafika mapema. Mpira wa mtandaoni unafika baadaye, dakika nzima, wakati mwingine na zaidi, kwa sababu unapita sijui kwa nani na nani kwanza. Mechi ni moja, kichochoro ni kimoja, lakini Bi Sichana alikuwa akiishi dakika moja mbele ya Msabah. Kwenye TV ya Msabah mshambuliaji wetu bado anafunga kamba za viatu katikati ya uwanja, na Bi Sichana keshapasua kichochoro: "Gooli! Kafunga! Kafunga kwa kichwa!"

Msabah hukaa pale, macho makavu, kusubiri kichwa kifike.

Penalti ndizo zilizokuwa zikimuua. Mpira umewekwa, Msabah amemshika Nassra mkono, anasoma dua, na sauti inavuka: "Kakosa! Mjinga mkubwa, kapaisha!" Basi inambidi atazame mtu akivuta pumzi, akirudi nyuma, akikimbia, huku yeye anajua fika mpira unakwenda wapi. Aliwahi kuniambia kwamba kutazama mechi namna ile ni sawa na kula chakula alichokwisha kukitafuna mwingine.

Akajaribu kufunga dirisha. Mtandao ukakatika, kiduara kikaanza kuzunguka. Akajaribu pamba masikioni. Zikafaa, ila Nassra aliungua mkono jikoni akaita mpaka akachoka, na pamba zikapigwa marufuku nyumba ile. Mwisho akaamua kwenda mwenyewe kwa adabu. Alivaa kanzu safi, akavuka kichochoro, akapanda ngazi. Mimi nilikuwa nimepeleka sukari, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Ulilionaje goli la jana?"

"Ndilo lililonileta. Mie nalisikia kwako kabla sijaliona. Mpira wangu unakuja nyuma ya wako."

"Nyuma vipi? Hawachezi pamoja?"

"Wanacheza pamoja, lakini wako unatoka juu moja kwa moja. Wangu unazunguka."

Bi Sichana alifikiri kidogo. "Basi uambie upite njia ya mkato."

"Bi Sichana, nakuomba. Nnalipa kila mwezi, nnanunua bando, na goli hata moja sijapata kuliona jipya. Moja tu. Nataka nilione moja ambalo sijaambiwa."

Bibi wa watu akamhurumia kwelikweli, akaahidi kunyamaza. Na ahadi aliitimiza, kwa namna yake. Mechi iliyofuata alijifunga kanga mdomoni. Timu yetu ilifungwa katika dakika za mwisho. Kichochoro kimya, Msabah kakaa raha mustarehe, mpira kwake bado sare. Mara kutoka dirisha la mbele ikaja sauti laini, yenye huruma tupu:

"Msabah mwanangu."

"Naam, Bi Sichana."

"Usiwe na hamu sana."

Ikawa hivyo misimu miwili. Alipokataa kusema, aligonga mkongojo. Alipofichiwa mkongojo, alicheka. Mara nyingine aliita tu, "Pole, baba," na Msabah akiuliza pole ya nini, hujibiwa, "Hapana, tazama tu."

Na usifikiri Bi Sichana peke yake ndiye aliyekuwa tatizo. Alikuwepo pia Kurwa, shemeji yake Msabah, ndugu yake Nassra, anayefanya kazi hotelini Matemwe. Kifurushi cha Msabah kilikuwa kinaruhusu simu moja kwa wakati mmoja, na Kurwa neno la siri alilijua, kwa sababu Nassra alimpa, kwa sababu ni kaka yake. Kurwa akiingia, Msabah anatolewa. Msabah akiingia tena, Kurwa anatolewa. Dakika za lala salama unamsikia Msabah dirishani akipiga simu kwa mkono wa pili: "Kurwa, toka! Toka, shemeji, nakuomba kwa haki ya dada'ako!" Na mara nyingi Bi Sichana ndiye aliyekuwa akimpa matokeo, yeye Msabah akiwa amekwama kwenye kiduara. Hilo hakupenda kulikumbuka.

Basi ikafika mechi yetu na watani, ya mwisho ya msimu, ya kuamua nani bingwa. Msabah alijiandaa kama mtu anayekwenda hija. Kifurushi alikilipia mapema. Neno la siri alilibadilisha, na hakumwambia Nassra. Ikabaki Bi Sichana tu, na kwake alipeleka kilo ya haluwa, akamwomba siku ile wamlaze chumba cha nyuma. Bi Sichana akapokea haluwa, akasema ataona.

Siku tatu kabla ya mechi, Bi Sichana alifariki dunia. Alikwenda usingizini, alfajiri, bila ya kumsumbua mtu.

Nitasema nilichokiona. Msabah alilia wazi, mbele ya watu. Aliingia chini ya jeneza na bega lake hakuliondoa mpaka makaburini. Tulimwambia apokewe, akakataa. Matanga akakaa nasi kwenye majamvi, anatembeza maji, anapanga viatu vya watu mlangoni. Siku ya tatu ndiyo ya hitima, baada ya sala ya alasiri, ukumbi wa chini nyumbani kwa Simai, ambao milango yake iko wazi kichochoroni na mtandao unaingia. Na siku ya tatu ndiyo siku ya mechi.

Nassra alimsimamisha mlangoni, nami nilikuwa nikifunga duka.

"Simu iache."

"Juzuu zenye herufi ndogo sizioni. Nnasomea kwenye simu siku hizi."

"Msabah, yule Simai ni mtu aliyefiwa na mama. Ukimtia aibu leo, kwangu usirudi, kalale karakana."

Akaapa kwamba anakwenda kusoma tu. Na kusoma alisoma, nisimsingizie. Mwalim Hafiz wa chuo cha mtaa wetu aligawa juzuu, kila mmoja na yake, watu wakainama. Ulipanda ule mvumo wa hitima, kila mtu anasoma pake na sauti zote zinakuwa moja. Msabah husoma haraka. Alimaliza juzuu yake, akaifunga kwa heshima, akabusu vidole, akatazama wenzake: wengi bado. Dua haiji mpaka wa mwisho amalize. Nilimwona anahangaika na nafsi yake, anatazama dari, anatazama mlango. Halafu simu ikateremka taratibu kati ya magoti, ndani ya mikunjo ya kanzu, sauti imezimwa.

Nami nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo, kwa hiyo na mimi nikaona. Bila kwa bila. Na nikauona uso wake kwa ubavuni. Ulikuwa uso wa mtoto aliyepewa kitu kizima kwa mara ya kwanza. Hakuna sauti dirishani, hakuna mkongojo, hakuna pole. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akimwambia chochote.

Kati ya hapo Usi, kijana wa bandarini aliyekaa karibu na nguzo, akashikwa na kikohozi cha ghafla. Mzee Haroub akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, mabega yanamtikisika. Simai mwenyewe akatoa kitambaa akajifuta uso, na kitambaa akakiacha pale pale usoni. Msabah aliinua macho akawaona, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaninong'oneza, "Uchungu umewashika, masikini."

Kisha akarudi kwenye magoti yake.

Mimi niliona mpira unapigwa kutoka pembeni. Niliona mtu wetu anaruka. Nikataka kumshika Msabah bega, nikachelewa.

"GOOOLI!" Kasimama wima, mikono juu, simu imeruka imeangukia kwenye bakuli la ubani. "Kafunga! Kafunga kwa kichwa!"

Mvumo wa kisomo ulikatika, na wa wanawake waliokuwa wakisoma ghorofani nao ukakatika. Msabah akabaki kasimama na mikono yake hewani, na nadhani alikuwa akiona karakana, makochi, na usiku wake wote uliobaki duniani. Mwalim Hafiz aliinua kichwa polepole, akavua miwani.

"Tushajua, Msabah," akasema. "Kaa chini, wawili hawajamaliza."

Msabah hakufahamu. Akageuka huku na huku. Ndipo akaiona simu ya Usi, imechomoza chini ya paja. Akaiona nyingine kwenye kofia ya Mzee Haroub, iliyokuwa sasa imevuliwa na kupakatwa. Ukumbi mzima ulikuwa na mpira, kila mtu na mtandao wake wenye kasi kuliko wa Msabah, na mpira wa kila mmoja ulikuwa mbele ya wake. Walikuwa wameliona goli zamani, wakalishangilia kwa kukohoa, wakamaliza, wakarudi kwenye juzuu zao.

Simai aliteremsha kitambaa. Uso umelowa, na alikuwa akicheka, kicheko cha mtu ambaye hakucheka tangu alfajiri ile.

"Leo umechelewa kushinda siku zote," alimwambia. "Kupita dakika nzima."

Msabah alikaa chini. Akaitazama simu yake kwenye ubani, hakuigusa. Akafungua mdomo, na nilidhani ataomba radhi. Lakini neno lililotoka lilitoka na machozi.

"Mbona hapana aliyeniambia?"

Hakuna aliyecheka tena. Simai akaondoka mahali pake, akaja akakaa karibu naye, bega kwa bega, mpaka wawili wale wakamaliza juzuu zao na Mwalim akainua mikono kumwombea Bi Sichana.