Winchi Iliyoteleza

Nakiri kwamba nilimshuku Wafula. Winchi ya kuinulia injini kwenye gereji yetu ya Parklands ilikuwa ikiteleza, na injini moja nusura imwangukie mtu. Mimi niliitia oili kila asubuhi, kila pembe, jinsi nilivyojifunza mwenyewe kwenye simu. Wafula naye alibaki karibu nayo kila saa ya chakula. Nikamshtaki kwa fundi mkuu, Mzee Harjit.

“Huyu anaichezea. Atatuua.”

“Na mimi ndiye hulala chini yake nikifunga injini?” Wafula akacheka.

Mzee aliifungua breki ya winchi, ile inayoizuia isiteleze. Oili ikamdondokea kiatuni.

“Breki inafaa kukaa kavu. Nani anaipaka oili?”

Wafula alitazama tu kopo la oili mkononi mwangu.