Kundi la Kusubiri

Shuleni nilichapwa sana kwa sababu ya mdomo. Kila muhula ripoti ilirudi nyumbani na maneno yaleyale, kwamba mtoto huyu anaongea mno, na mama mdogo aliyenilea alikuwa akisomewa hayo anacheka mpaka anashika mbavu. "Hiyo kaitoa kwangu," alisema. Na kweli niliitoa kwake. Pale Kibara, ukishuka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, wanawake wakianika dagaa, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa yake, akimtania mtu kuhusu mumewe au akimsuta mchuuzi aliyekuja na ndoo kubwa na macho makubwa zaidi.

Halafu binti yake wa pekee akafa kwa surua, mwaka ambao zahanati haikuwa na hata aspirini, na mama mdogo akanyamaza. Mwanzoni tulisema ni msiba. Mwaka ukaisha, akawa bado anabandika chungu motoni bila maji. Alikaa jikoni ameupa mlango mgongo, anatazama ukuta. Alisema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na kwamba usingizi umemkataa. Majirani walisema ana mawazo, wakilitamka neno hilo kama unavyosema fulani ana mafua, kisha wakaendelea na shughuli zao. Mimi iliniuma kuliko msiba wenyewe, maana marehemu tulimzika, ila huyu hatukujua tumfanyeje.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na natafuta kazi Bunda bila mafanikio, alipokuja daktari mmoja wa magonjwa ya akili kutoka Dar es Salaam. Mama wa makamo, mkali, viatu vyake vimeshonwa upya na fundi kwa uzi wa nailoni. Alitaka kuchunguza kama wenye ugonjwa wa mawazo wanaweza kutibiwa kwa mazungumzo tu. Nilimpenda tangu siku hiyo. Nchi haikuwa na dawa, haikuwa na mafuta ya taa, haikuwa na sabuni, na huyu alileta tiba inayohitaji viti viwili. Aliniajiri kuuliza maswali kwa sababu najua kuandika na najua Kijita.

Maswali yenyewe yalikuwa kwenye karatasi. Je, unakosa usingizi? Je, unaogopa bila sababu? Je, unaona huna maana? Kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua: hapana kabisa, mara chache, mara nyingi, karibu kila siku. Waliokutwa wanaumwa walichagulishwa bahasha zilizofungwa. Waliopata bahasha ya tiba walikwenda kila wiki kwa muuguzi mstaafu aliyefundishwa na daktari. Hakuwapa nasaha wala mahubiri. Aliwasikiliza, kisha wakakubaliana kazi moja ndogo ya wiki hiyo, kama kupalilia mistari mitatu au kwenda kumsalimia jirani waliyeachana naye. Waliopata bahasha nyingine walipewa kadi yenye namba na neno SUBIRI. Hao wangetembelewa mara moja kila mwezi kwa miezi sita, waulizwe maswali tu. Tiba ikionekana inafaa, nao wangepata zamu yao.

Hakuna aliyeshangaa kuambiwa asubiri. Tulikuwa tunasubiri sukari, tunasubiri khanga, tunasubiri lori lenye habari za lori jingine. Mwanamke mmoja wa Guta alinishika mkono akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hii kadi ni ya sukari au ya sabuni?" Nikamwambia ni ya mawazo. Akaifikiria kidogo, akaikunja. "Sawa tu. Bora nipo kwenye orodha."

Nilimleta mama mdogo mwenyewe, kwa lori la pamba. Alichagua bahasha yake nikiwa nyuma ya mlango naomba Mungu. Akapata namba kumi na saba, subiri. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kwa hasira, na daktari akanikuta hukohuko. Hakunibembeleza. "Huyo huwezi kumtembelea wewe," alisema. "Ni ndugu yako. Ukianza kumtibu kienyeji, itabidi nimwondoe kwenye utafiti, na zamu yake itapotea." Nikamwitikia kwamba nimeelewa. Kwa mara ya kwanza maishani niliapa kushika sheria.

Kibara akapewa mwenzangu, mtu mzima aliyewahi kuwa karani wa kupima pamba. Alikuwa mwadilifu, sina la kumlaumu. Alimpima binadamu kama alivyopima gunia: anafika, anasoma, anaandika, anafunga daftari, anapanda baiskeli. Hata maji ya kunywa alikataa, maana daktari alisema tusizungumze nao zaidi ya maswali, na kwake maji ya kunywa yangeleta maneno.

Mimi nilipewa Guta na vijiji vya karibu, ambako ndiko walikokuwa wengi wa kusubiri. Sikukusudia kuvunja lolote. Lakini msimu ule ulikuwa wa michembe, viazi vitamu vinakatwa vipande na kuanikwa viwe akiba ya njaa, na mimi nimelelewa Kibara. Siwezi kuingia uani kwa mtu, nimkute na lundo la viazi na kisu, nimuulize kama anaona maisha hayana maana, halafu niage. Nilimaliza maswali, nikaweka karatasi chini ya jiwe, nikaomba kisu cha pili. Tulikata mpaka karai lijae. Yule wa kadi ya sukari alinieleza habari za mumewe aliyekwenda kwenye dhahabu na hakurudi, na mimi nikamwambia huenda amepata mwanamke mwenye meno ya dhahabu, akacheka hadi akajikata kidole. Mwezi uliofuata nilimkuta amepaka nyumba udongo mpya. Wengine nao walianza kunisubiri njiani, visu viwili tayari. Nikajisemea hawa ni watu wa adabu tu.

Miezi hiyo yote sikukanyaga Kibara. Niliogopa mdomo wangu. Nilijua nikikaa na mama mdogo dakika tano nitaongea, karani atasikia, daktari ataambiwa, na namba kumi na saba itafutwa. Krismasi ilipofika nilituma salamu kwamba hakuna gari, na kwa kuwa kweli petroli haikuwepo, kila mtu aliamini. Siku ile nilikula ugali wa udaga, unga wa muhogo, peke yangu Bunda, nikijipongeza kwa kuwa na msimamo.

Daktari aliporudi kuhesabu majibu alikaa na zile karatasi siku mbili. Siku ya tatu aliniita. Uso ulikuwa umemshuka.

"Waliotibiwa wamepata nafuu," alisema. "Lakini waliosubiri nao wamepata nafuu ileile. Kwa hiyo karatasi zinasema tiba yangu haina kazi." Akanitazama. "Kule Guta ulikuwa unafanya nini?"

"Nauliza maswali, daktari."

"Halafu?"

"Halafu nakata michembe."

"Na nani?"

"Na wao. Mpaka karai lijae."

"Mnaongea?"

"Sasa daktari, utakataje viazi na mtu umenyamaza?"

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Aliweka kalamu mezani taratibu, akasema kwamba nimewatibu watu wote aliowahitaji wasitibiwe, na kwamba waliotoa fedha za utafiti hawatatoa mara ya pili. Kisha akavuta karatasi moja kutoka kwenye rundo la karani. Katika kundi lote la kusubiri, alisema, huyu ndiye pekee aliyezidi kuumia kila mwezi. Labda ndiye pekee aliyesubiri kweli. Sikuhitaji kuisoma namba, lakini niliisoma.

Utafiti ulifungwa. Chumba cha yule muuguzi kikawekwa magunia ya chokaa. Zamu ya waliosubiri haikufika, na hakuna aliyekwenda kuwaambia, kwa sababu wa kuwaambia nilikuwa mimi. Wakati huo ndipo biashara ilipoanza kuachiwa huru. Sabuni ikaingia kwa malori kutoka mpakani Sirari, mitumba ikamwagwa chini sokoni, wenye mitaji wakaja kununua sangara hadi Kibara, na watu wakasema shida zimekwisha. Nilinunua sukari na miche miwili ya sabuni, nikapanda gari. Kisingizio cha petroli kilikuwa kimeisha.

Nilimkuta jikoni, ameupa mlango mgongo. Alikuwa amekonda mpaka khanga inamzunguka mara mbili. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Niliweka vitu chini, nikapiga magoti pembeni yake. Alifungua fundo la khanga, akatoa ile kadi, imelainika kama kitambaa.

"Zamu yangu imefika?"

Ningeweza kusema ukweli. Nilisema imefika.

Kulikuwa na viazi kwenye kona, vimeanza kuchipua. Nikatafuta kisu, nikaanza kukata, nikaanza kuongea kama nilivyoongea Guta. Nilimwambia habari za yule wa meno ya dhahabu. Hakucheka. Nikamuuliza kama analala, akasema, "Mara chache." Nikamuuliza kama watu wa mwaloni wanakuja kumwona, akasema, "Hapana kabisa." Nilidhani ananitania, kisu kikasimama. Hakuwa ananitania. Miezi sita mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kumuuliza hali yake, na alimfundisha kwamba majibu ni manne.

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilikatazwa, nikaogopa zamu yake isipotee, na nikamwambia nililia nyuma ya choo. Alisikiliza akitazama ukuta.

"Umenikasirikia, mama mdogo?"

"Mara chache."

"Ulikuwa unaningoja?"

"Karibu kila siku," alisema.

Niliendelea kukata viazi mpaka karai likajaa.