Lango la Mke wa Mama

Nyumba ya mama yangu ilipungukiwa na nini, hata mimi nisiitoshe? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Mimi ndiye binti yake, mtoto wake wa pekee. Nilisoma hadi chuo kikuu, nafundisha jiografia katika shule ya upili iliyo chini ya mlima wetu, na tangu baba alipofariki nimeishi chini ya paa la mama, nikila naye chakula cha jioni. Hata hivyo, mwaka jana, baada ya kuvuna mbaazi, aliweka kikombe chini akaniambia kwamba ameamua kuoa.

Sikushangaa. Kwetu Ukambani, mwanamke asiye na mwana wa kiume anaweza kumtolea mahari mwanamke mwingine na kumleta bomani. Watoto wa mwanamke huyo huwa watoto wa nyumba hiyo na hurithi ardhi yake. Mke wa namna hii tunamwita iweto.

“Mwaitu,” nilimwambia, kwa neno tunalotumia kumwita mama, “unataka kuoa na magoti hayo?”

“Kwani naenda kucheza ngoma? Naenda kuoa. Ama wewe utaniletea mwana?”

“Nilikuletea digrii.”

“Digrii itachimba kaburi langu?”

Tulicheka sote wawili. Lakini nakiri kwamba kicheko changu kilikuwa na furaha ambayo sikumweleza: mke akija, mimi nitaweza kuondoka.

Ili mtu aelewe furaha hiyo, yafaa aione ardhi yetu. Wakoloni walipojitwalia nyanda za chini kwa ajili ya ng'ombe wao, wazee wetu walisukumwa milimani wakabanana huko. Kila baba aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wao, hadi mashamba yakawa membamba kama mishipi iliyotandazwa kutoka kileleni hadi korongoni. Shamba letu lina ua wa mkonge wa jirani huku na ua wa mkonge wa jirani kule. Chini kuna korongo. Juu kuna barabara, na kati ya barabara na shamba kuna tuta kubwa, refu kuliko mtu, lenye pengo moja tu. Pengo hilo limefunguka mbele ya jiko la mama. Hakuna anayeingia wala kutoka asionekane. Miaka yote ya utu uzima wangu nimejibu maswali mawili mahali pale: unaenda wapi, na mbona umechelewa. Siku za anga safi huziona tambarare za Konza zikinyooka hadi macho yachoke, nami nimesimama pengoni nikieleza ni kwa nini nimevaa viatu vizuri.

Mama aliambiwa habari za mwanamke mmoja wa Ekalakala, kule chini kwenye joto, aliyeachana na mumewe akarudi kwao na wavulana wawili. Tulimtembelea, akakubali kuja kuona boma. Alikuja siku ya Jumamosi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya sokoni, kwa maana alikuwa akiuza mboga. Mama alimpikia isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka hadi yakalainika. Baadaye mimi nikamtembeza shambani.

“Hamjui joto huku,” alisema. “Mnalala na blanketi kama wagonjwa.” Kisha akageuka. “Dada, nikuulize bila kukuzungusha. Mimi nikiingia, wewe unatoka?”

Nilitaka kukana. Nikasema, “Nilikuwa nafikiria kuomba uhamisho.”

“Nilijua. Hata simu yako unaongelea huku kwa migomba.” Hakuwa na hasira. “Mimi sikatai. Watoto wangu wako na akili lakini hawako na shamba, na nyumba haiwezi kunipiga kama yule mwanaume. Lakini sitakaa mahali pako nikiwa wewe. Nataka lango langu. Mtu aje kuniona, apite huko. Nikienda soko, nipite huko. Mkikata lango, mlete mbuzi. Bila lango, mbuzi wakae.”

Mbuzi aliowataja ni wale wa ntheo, ambao pasipo wao hakuna ndoa kwetu. Mama alikuwa amekwisha kuwachagua.

Nilimfikishia mama maneno hayo jioni, tukiambua mbaazi. Mikono yake ilisimama.

“Akate tuta?”

“Si yeye. Sisi. Kule mwisho, karibu na mparachichi.”

“Tuta hilo nyanyako alilichimba kwa filimbi ya chifu, na baba yako tumboni. Walichimbishwa kama wafungwa. Mimi nilipoolewa, wanawake wa mwethya tuliliongeza kwa kusaidiana, kwa hiari yetu, tunatupa udongo juu, tunaimba. Ndiyo maana una mchanga wa kupanda. Ukilitoboa, maji ya barabara yatakuja kula shamba lote.”

Hofu yake ilikuwa ya kweli. Nimewafundisha wanafunzi wengi jinsi tundu dogo linavyozaa korongo. Nilimweleza kwamba pengo linaweza kukatwa kwa mshazari, likajengwa kwa mawe, na kuinuliwa upande wa barabara.

“Na si maji tu,” alisema. “Mke wa nyumba hii hupita mbele ya nyumba hii. Mimi nilipita mlangoni kwa mama mkwe hadi tukamzika. Nilikufa?”

“Hukufa. Lakini ulikuwa ukienda mtoni na mtungi umejaa nyumbani. Uliniambia mwenyewe.”

Alirudia mbaazi zake. “Mtoni kulikuwa na baridi nzuri,” akasema. Lakini hakukubali.

Nililala nikipima pande zote. Pasipo lango, mwanamke yule angebaki Ekalakala, wanawe wasipate udongo, mama azeeke akimsubiri wa kulibeba jina la nyumba yake, nami nijibu maswali pengoni hadi nywele zangu ziwe kama zake. Ningeweza kumngoja mama akubali. Nilikuwa nimemngoja kwa mambo mengi. Nikaamua kwamba hili sitalingojea.

Kulipopambazuka nilichukua sururu na jembe nikapanda hadi karibu na mparachichi. Udongo wa nje ulikuwa mgumu, wa ndani mwekundu na laini. Nilikata kwa mshazari, nikajaza mawe kandokando, nikainua kizingiti upande wa barabara. Jua lilikuwa limepanda nilipomwona mama amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

“Ukimaliza hilo shimo lako,” alisema, “ulifunge kwa miiba. Ng'ombe za watu zisiingie.”

“Ndiyo, mwaitu.”

Alirudi jikoni. Nilisimika nguzo mbili, nikakata matawi ya mgunga nikayafunga kwenye moja, na kwenye nguzo ya pili nikaweka kitanzi cha mkonge ambacho mtu aliye ndani anaweza kukifungua kwa mkono mmoja. Kisha nikapiga simu Ekalakala, nikasema mbuzi wanakuja.